Pima chumba kwanza, besi baadaye

Kijana mwenzangu wa Kisauni, Likoni au Changamwe, kabla hujatoa pesa zako kununua gitaa la besi, azima tepu ya fundi cherehani upime chumba chako. Sifanyi mzaha. Wengi wetu tunakaa chumba cha futi kumi kwa kumi, yaani inchi 120 kila upande. Ukiweka kitanda cha nne kwa sita, urefu wake peke yake umekula inchi 72. Umebaki na inchi 48 za jiko, ndoo za maji, viatu na wewe mwenyewe. Sasa besi ya kawaida, kutoka kitakoni hadi kichwani, ni takriban inchi 46. Ukisimama nayo hapo miguuni pa kitanda, geuka kidogo tu, umeshapiga sufuria.

Hesabu hiyo naijua kwa sababu ilinipotezea kazi.

Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda. Besi nilikuwa nimejifunza kanisani, kwa chombo cha kanisa. Kundi moja la kupiga harusi na hotelini likanichukua, lakini kiongozi akasema nije na besi yangu. Mzee mmoja mtaani alikuwa anauza besi fupi, nzuri, bei ya maskini. Niliiona, nikaipenda, nikaiacha. Unajua kwa nini? Wenzangu walicheka wakasema hiyo ni ya watoto, nikanunue besi ya wanaume. Nikakopa kwenye chama, nikanunua ndefu.

Chaani nakaa na ndugu yangu anayefanya kazi usiku bandarini na kulala mchana. Besi haikupata pa kukaa. Nikaiweka stoo ya kundi, nikawa naigusa Jumamosi tu. Miezi minne hivi vidole vilikuwa vizito kama vya mtu aliyetoka kuchota zege. Kiongozi akaleta kijana mwingine. Nilikasirika, lakini wallahi hakukosea. Yule kijana alikuwa anafanya mazoezi kila siku, mie sikuwa nafanya. Nikabaki na deni la chama na besi ya wanaume isiyonipa hata nauli.

Ndiyo maana nasema: besi isiyoingia unapoishi ni besi usiyoipiga. Na usiyoipiga, hata iwe ya bei gani, haitakulipia nyumba.

Hii aibu ya besi fupi tumeitoa wapi? Mwaka 1951 kampuni ya Fender kule Marekani ilitoa Precision Bass, waya wake unaolia ukiwa na urefu wa inchi 34. Kipimo hicho kikashika dunia nzima. Lakini ni kipimo cha kiwandani, si amri ya Mungu. Paul McCartney wa Beatles alinunua Höfner yake kule Hamburg mwaka 1961, na hiyo ni ya inchi 30 hivi. Fender wenyewe walitoa Mustang Bass ya inchi 30 mwaka 1966. Jack Bruce wa Cream alivuma na Gibson EB-3, nayo fupi. Hao hakuna aliyewaambia wakatafute ya wanaume.

Na tuje kwetu. Freretown, hapo Kisauni, ndiko kwa Mzee Joseph Ngala, ambaye jina lake halitengani na muziki wa bango. Nenda harusi yoyote ya bango uangalie kina mama wanavyoingia uwanjani besi ikianza kutembea. Kuna anayeuliza inchi? Wanachosikia ni kama unaingia kwa wakati na kama unajua pa kunyamaza. Hayo yote yanatoka kwenye mazoezi, na mazoezi yanafanyika nyumbani.

Haya, tuseme umekubali. Utachaguaje?

Kwanza elewa kinachopimwa. Wauzaji wakisema inchi 34 au 30, wanazungumzia sehemu ya waya inayolia, kuanzia kile kipande chenye mifereji karibu na kichwa mpaka kwenye daraja. Si urefu wa gitaa zima. Inchi 34 ni ndefu, 32 ni ya kati, 30 ni fupi. Kuna hata Ibanez miKro ya inchi 28.6. Kwa hiyo muulize muuzaji vyote viwili: waya unalia inchi ngapi, na gitaa lote ni inchi ngapi.

Pili, jua unachopoteza, maana nisikudanganye. Ukifunga waya uleule kwa sauti ileile, kwenye inchi 30 unakaza pungufu kwa karibu asilimia 22 kuliko kwenye inchi 34. Ndo maana waya mnene wa juu unaweza kulegea na sauti ikawa na ukungu. Dawa yake ni waya mnene kidogo, na mkono usiogombana na gitaa. Faida ni kwamba vidole havitanuki sana, na ukipiga saa tatu za harusi bega halilii. Lakini kama wewe ni mtu wa sebene kanisani na unataka nyuzi tano, fupi itakusumbua, ule waya wa tano unalegea zaidi.

Wewe wa nyuzi tano tafuta zile zisizo na kichwa. Ned Steinberger alizitambulisha karibu na mwaka 1980: urefu wa waya unabaki inchi 34, lakini kichwa kimeondolewa na vikazio vimehamia kitakoni. Gitaa linapungua bila sauti kupungua. Uliza tu kama inatumia waya wa kawaida, kwa sababu baadhi zinataka waya maalumu wenye vifundo ncha zote mbili, na hapa kwetu utausaka mpaka uchoke.

Tatu, ukienda kununua ya mkono wa pili, usinunue kwa picha ya simu. Ishike. Funga jicho moja uangalie shingo kama fundi seremala anavyoangalia ubao. Kama imepinda sana, waache nayo. Bonyeza kila nafasi, kila waya, usikilize panapokwaruza. Vaa mkanda, uachie mikono: baadhi ya besi fupi zina mwili mwepesi na kichwa kizito, zinainama mbele kama mtu anayesinzia kwenye matatu. Zungusha vitufe vyote ikiwa imechomekwa kwenye spika. Na nyuzi, nunua za besi fupi. Ukichukua za ndefu ukazikata pale penye unene, zinaweza kufumuka.

Nne, fikiria njia. Wewe wa Likoni unavuka feri saa kumi na moja jioni, watu wamebanana kifua kwa mgongo. Inchi nne ulizopunguza ndizo zitakazookoa jicho la mama wa watu. Changamwe nako matatu haina buti la gitaa, unalipakata, na likizidi unalipia kiti cha pili.

Tano, majirani. Ukuta wa plot zetu ni mwembamba na besi hupenya kuliko sauti yoyote. Usikimbilie spika kubwa, tafuta hedifoni na kile kiampu kidogo cha kuchomeka kwenye gitaa. Hata hicho huna? Egemeza ncha ya kichwa cha besi taratibu kwenye kabati la mbao. Mbao inaanza kukuimbia, wewe unasikia vizuri, ndugu yako bado anakoroma. Ukimaliza, pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu, maana upepo wa chumvi wa hapa unakula chuma. Na usilaze gitaa karibu na ukuta wa mabati, joto la mchana litapinda shingo.

Mie ile ndefu niliiuza kwa hasara nikapunguza deni la chama. Nilipopata kidogo tena nikarudi kwa yule mzee. Besi yake fupi ilikuwa bado inaning'inia pale, hakuna aliyeitaka. Sasa inalala juu ya kitanda changu, kwenye misumari miwili, na kila siku naipiga nusu saa kabla ndugu yangu hajaamka. Lile kundi halijaniita tena. Lakini harusi za Kisauni na Mtongwe zinaniita, na deni limebaki kidogo.

Nanyi wakubwa zetu wenye makundi, kijana akija na besi fupi, msimcheke kabla hajapiga. Mwambieni apige kwanza. Wengine wetu hatukuchagua ukubwa wa chumba, tulichagua tu kutoacha muziki.