Usaili wa IT: Vyeti vipo, ila swali la 'intaneti haifanyi kazi' linakwamisha

Mwombaji wa kazi ya usimamizi wa mifumo anaingia kwenye usaili na vyeti mkononi. Swali la kwanza linaonekana jepesi: "Mfanyakazi amepiga simu, anasema intaneti haifanyi kazi. Unaanzia wapi?"

Jibu la haraka huwa hili: "Nazima ruta, nawasha tena." Hapo ndipo kazi huanza kuponyoka.

Swali hilo halipimi nani amekariri. Linapima kama mtu anaweza kutafuta tatizo hatua kwa hatua, bila kubahatisha.

Jibu zuri huanza karibu na kwenda mbali. Je, ni kompyuta moja au ofisi nzima? Kebo imechomekwa? Kompyuta ina anwani ya IP? Ikianza na 169.254, kwa kawaida maana yake haikupata anwani kutoka seva ya DHCP. Ikiwa anwani ni sawa, ping ruta, kisha ping 8.8.8.8 iliyo nje.

Namba ikijibu lakini tovuti haifunguki kwa jina, mshukiwa wa kwanza ni DNS. Kazi yake inafanana na orodha ya majina kwenye simu: unabonyeza "Mama", simu inatafuta namba. Orodha ikipotea, Mama yupo, ila humpati.

Ndivyo ilivyokuwa 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipozimika kwa takriban saa sita. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata mawasiliano kati ya vituo vya data, na seva za DNS za kampuni hiyo zikawa hazifikiki. Seva hizo zilikuwa bado zinafanya kazi, ila dunia haikuwa na njia ya kuzifikia.

Afrika Mashariki nayo ilipata somo lake 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika. Siku kama hiyo, kuzima na kuwasha ruta hakusaidii kitu. Anayejua kupima huweza kumwambia bosi mapema kwamba tatizo liko nje ya ofisi.

Mambo mengine ya kushika ni machache: poti 22 ni ya SSH, 53 ya DNS, 443 ya HTTPS. Mtandao wa /24 una anwani 256, ila vifaa hutumia 254. TCP huhakikisha data imefika, UDP haisubiri.

Mazoezi hayahitaji maabara. Mipangilio ya waifai kwenye simu huonyesha anwani ya IP na, kwa simu nyingi, anwani ya ruta pia. Pa kuanzia ni hapo.

Na swali likimshinda mwombaji, asibuni. "Sijui, ila ningeangalia hivi" bado ni jibu la fundi.