Samaki wa Ekrani: Wanamkimbia Mtoto Juu ya Nini?



Mwezi huu tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho wengi wenu mumekiona pa ofisi ao pa masomo: akwariumu ya ordinatere. Mashini inakaa dakika kadhaa bila kazi, na tazama, samaki wa rangi wanaanza kupita kwenye ekrani. Watoto wanakusanyika. Mmoja anashika suri ili amfuate samaki mwekundu, na palepale wote wanapotea. Mkubwa anakaripia: "Si nilisema musiguse!" Mtoto anauliza: "Sasa, Papa, banatuonyesha juu ya nini?"

Ulizo hilo ni la haki, na lina jibu.

Ekrani za zamani, zile nzito zenye mgongo mkubwa, zilipakwa unga wenye kutoa mwangaza nyuma ya kioo. Picha moja ikikaa pale siku nyingi bila kusogea, iliacha alama isiyofutika. Basi mafundi wakatunga programu za kutembeza picha wakati mtu hayupo. Mwaka 1989 kampani Berkeley Systems ya Marekani ilianza kuuza programu iliyoitwa After Dark, na kati ya picha zake mulikuwa samaki. Kazi yao ilikuwa kulinda kioo tu. Mtu akirudi, kazi imekwisha, wanaondoka. Hawakufanywa ili wazungumze na mtu.

Ekrani nyembamba nyingi za leo hazina tena shida ile. Kwa hiyo, baba anayesema kwamba samaki hao wanakula umeme bule, anasema kweli: kama hakuna mtu, heri ekrani izimwe. Sisi tunaojua giza la délestage hatuna haja ya kufundishwa jambo hilo.

Lakini kijana anaweza kutengeneza akwariumu ya namna ingine, inayofunguliwa paka wakati mtoto anakaa mbele yake, na inayomjibu. Kuna programu Scratch, iliyotolewa na chuo MIT cha Marekani mwaka 2007. Ni ya bure, iko katika Kifaransa, na ukiisha kuiweka ndani ya mashini inafanya kazi bila intaneti. Hauandiki maneno magumu. Unapanga vipande vya amri, kimoja chini ya kingine, kama matofali. Picha ya samaki imo tayari.

Anza na samaki mmoja. Mwambie aendelee mbele, na akigonga ukingo arudi. Hapa wengi wanacheka: samaki anarudi tumbo juu! Usikate tamaa, chagua tu kwamba ageuke kushoto na kuume, basi.

Kiisha ongeza chakula. Mtoto akibonyeza suri, kichembe kinashuka polepole, na samaki anakigeukia. Tayari mkono wa mtoto umejibiwa.

Tatu, kundi. Mmarekani Craig Reynolds alieleza mwaka 1987 kwamba kundi zima linaweza kuongozwa na sheria tatu: usimgonge jirani, elekea pale jirani zako wanaelekea, usiachane na kundi. Hakuna samaki aliye mkubwa wa wengine, na hata hivyo wanakwenda pamoja. Viongozi wa vijana, jaribuni sheria hizo na watoto katika kiwanja mbele ya kuziandika katika mashini. Wataelewa upesi.

Nne, na hapa ndipo utamu wote: tabia. Chukueni mfano wa tilapia wetu, yule anayefika sokoni kutoka Kasenga. Mama anatunza mayai ndani ya kinywa chake. Watoto wakiisha kutoka, bado wanaogelea karibu naye, na hatari ikitokea wanakimbilia tena ndani ya kinywa. Fanya hivyo katika akwariumu yako: mtoto akitikisa suri kwa nguvu, wadogo wote wanaingia kwa mama. Akitulia sekunde kumi, wanatoka mmoja mmoja. Programu ile ya zamani ilimfukuza mtoto kwa kuwa amegusa. Hii itamfundisha namna ya kugusa, na namna ya kungojea.

Linabaki jambo moja ambalo vijana wanabishana: je, mtoto akisahau kulisha, samaki wafe? Mwaka 1996 Wajapani walitoa kimashini kidogo, Tamagotchi, chenye mnyama aliyekufa akiachwa. Watoto wengine walilia machozi ya kweli. Wengine walibonyeza tu ili mnyama mpya azaliwe, na jambo likaisha. Kwa maoni yetu, machozi ya bule si masomo mazuri, na kuzoea kwamba uhai unarudishwa kwa kidole ni kubaya zaidi. Heri samaki wakonde, wajifiche nyuma ya jiwe, na waonekane tena mtoto akirudi na kuwatunza siku kadhaa. Yeye aliyeachwa anajua kuachwa. Arudiwe, naye atatoka.

Wazazi, musiseme ni michezo ya watoto tu. Papa anayerudi kutoka posti ya usiku amechoka, anataka kulala. Lakini akikaa robo saa kando ya mtoto na kuuliza, "Huyu mama yao ni yupi? Nionyeshe," atakuwa amemjibu zaidi kuliko mashini yoyote. Kiisha muzime yote pamoja, muokoe kuran, na muende kula.

Bwana azibariki jamaa zenu.