Wavuvi waliokimbia Kasenyi na Tchomia wafundishwe kutengeneza ukingo wa ziwa, si kushona tu

Katika tarafa ya Nyakasanza, hapa mjini Bunia, mtu akiuliza familia zilizokimbia vita zinafundishwa kazi gani, jibu ni lile lile: kushona, kutengeneza sabuni, useremala, kusuka nywele, kurekebisha pikipiki. Kazi hizo si mbaya, zimelisha watoto wengi. Lakini kati ya hao waliokimbia wako wavuvi wa Kasenyi, Tchomia, Joo na vijiji vingine vya kando ya Ziwa Albert, watu ambao tangu utoto wanajua upepo unageuka saa ngapi na samaki anataga wapi. Mtu wa namna hiyo anashiriki mashini moja ya kushona na wenzake, anapewa breveti, halafu anakwenda kubeba mizigo sokoni. Ujuzi wa ziwa unabaki kichwani mwake bila kazi, na watoto wake hawaurithi.

Yako mafunzo mengine ambayo Bunia haijayafikiria: mafunzo ya kurudisha uhai wa maji ya kina kifupi, pale karibu na ukingo ambapo jua linafika chini na majani yanaota. Kwenye pwani ya Kenya kazi hiyo inajulikana. Katika ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wanatunza na kupanda mikoko kwa mradi unaoitwa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013 kwenye hekta 117. Wanauza hewa ya ukaa, na fedha hizo zimesaidia maji na shule za kijiji. Kwenye kisiwa cha Wasini, jamii imefanya kazi pamoja na watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, kupanda tena majani ya bahari chini ya maji. Vichipukizi vinatolewa sehemu yenye afya, vinapelekwa sehemu iliyobaki mchanga mtupu, na vinashikizwa ili mawimbi yasivibebe. Mwaka 2020 nchi za magharibi ya Bahari ya Hindi zilitolewa kitabu cha mwongozo juu ya kazi hiyo. Ni ufundi kama useremala: una vipimo vyake, vifaa vyake na makosa yake.

Na makosa yake ni ghali. Huko Sri Lanka, baada ya tsunami ya 2004, mashirika yalipanda mikoko kwa wingi na kupiga picha. Sehemu kubwa ilikufa, kwa sababu ilipandwa mahali pasipofaa na hakuna aliyebaki kuitunza. Bunia inajua vizuri picha za namna hiyo. Kwa upande mwingine, katika jimbo la Virginia huko Marekani, majani ya bahari yalipotea kabisa miaka ya 1930 kwa ugonjwa na kimbunga. Kuanzia 1999 watafiti na watu wa kujitolea walimwaga mbegu zaidi ya milioni 70, wakipima kila mwaka kilichoota na kilichokufa. Leo zaidi ya hekta 3,600 zimefunikwa tena. Iliwachukua miaka 20, si mradi wa miezi 6.

Mwingine atasema: Ituri haina bahari. Ni kweli, ila ina ziwa la urefu wa kilomita 160 hivi, ambalo hata mahali palipo kirefu zaidi kina chake hakifiki mita 60. Tilapia dume anachimba kiota chake kwenye mchanga wa maji mafupi, jike anabeba mayai mdomoni, na vifaranga wanajificha kati ya matete, mafunjo na majani ya chini ya maji. Nyavu za kukokota zikipita hapo zinakwangua kila kitu. Chandarua cha mbu kikigeuzwa wavu kinachukua hata mtoto wa samaki asiyefikia ukubwa wa kidole. Matete yakikatwa yote, udongo wa mvua unashuka moja kwa moja ziwani. Kisha mama muuza samaki hapa Bunia anaulizwa kwa nini tilapia ni wadogo na bei imepanda!

Kwa hiyo fundi wa ukingo wa ziwa hangeanza na kupanda. Angeanza kwa kujua nani anakokota wavu hapo na kwa nini, maana kupanda mahali ambapo nyavu zitarudi kesho ni kupoteza mbegu. Angejifunza kupima kina na uwazi wa maji, kuchagua aina ya mmea wa hapo hapo, kuchora eneo la mazalio na kukubaliana juu yake na kamati ya wavuvi, kuhesabu samaki wachanga. Gugu-maji angelijua asije akalipanda kwa kudhani ni dawa. Na mwalimu wa kwanza katika darasa hilo angekuwa mzee mvuvi, si mgeni aliyeshuka na ndege.

Pingamizi kubwa zaidi ni usalama, na halipuuzwi kwa maneno matamu. Mwaka 2018 makumi ya maelfu walivuka ziwa kwa mitumbwi kuelekea Uganda, na hali ya dharura ya kijeshi ipo Ituri tangu Mei 2021. Mvuvi anayetozwa pesa na wenye silaha kila anapotia mtumbwi majini hatasikiliza habari ya matete. Hakuna anayeweza kumpeleka mkufunzi Joo leo na kumwambia asiogope.

Lakini darasa halihitaji kungoja amani kamili. Mto Shari unapita karibu na mji, mabwawa ya samaki yako pembezoni, na Chuo Kikuu cha Bunia kina walimu na wanafunzi. INPP, ambayo ni taasisi ya Serikali ya mafunzo ya kazi tangu 1964, inaweza kutoa breveti yenye thamani. Wanaume na wanawake 20 au 30 wakifundishwa mwaka mzima, wakilipwa posho ya kula, wangekuwa tayari siku njia ya Kasenyi itakapotulia. Wafadhili wanaoandika miradi ya mwaka ujao kwa ajili ya kambi za Bunia waanze na swali moja ambalo fomu zao haziliulizi: kabla ya kukimbia, ulikuwa unafanya kazi gani?