Kinga ya kaboni na mchomeleaji wa Kapata

Katika Kiswahili cha Katanga, baiskeli huitwa kinga. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akilisikia neno hilo hufikiria chanjo. Mtu wa Kapata hufikiria magurudumu mawili na gunia la makala. Hapo Kapata, makazi ya watu wa migodi nje kidogo ya mji wa Kolwezi katika jimbo la Lualaba, Kongo, kinga ndiyo lori la asiye na lori. Inabeba makala, maji, unga wa mahindi, na katika maeneo ya wachimbaji wadogo hata viroba vya mawe ya shaba na kobalti. Mara nyingi mwenyewe hapandi. Anasukuma, gunia limelala juu ya fremu, na jua linampata njiani.

Sasa wapo vijana wanaotaka kinga ya aina nyingine: ya milimani, yenye shokapu mbele peke yake na nyuma ngumu, fremu yake ya kaboni. Tamaa hiyo si ya kuchekwa. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza Afrika kuyapokea, na fremu zilizopanda vilima vya mji ule zilikuwa za kaboni. Miaka 13 nyuma yake, Mnyarwanda Adrien Niyonshuti alikuwa ameshashindana London katika mbio za Olimpiki za baiskeli za milimani, akamaliza wa 39. Kijana wa Lualaba anayejiuliza kwa nini yeye abaki na chuma kizito ana hoja.

Hoja hiyo ndiyo wanayoitegea wauzaji wa mtandaoni. Fremu tupu isiyo na jina, iliyotoka kwenye viwanda vya Xiamen au Shenzhen, hutangazwa kwa dola 300 hadi 600 hivi. Nyingine hubandikwa majina makubwa yasiyo yao. Waendesha baiskeli wa Ulaya walikwisha kuzitania Pinarello bandia kwa kuziita Chinarello. Si kwamba kila fremu ya China ni mbovu. Sehemu kubwa ya fremu za kaboni za baiskeli duniani hutengenezwa China na Taiwan, zikiwemo za majina yanayouzwa kwa maelfu ya dola. Shida ni kwamba rangi ikishapakwa, macho hayawezi kutenganisha iliyotengenezwa kwa uangalifu na iliyoharakishwa.

Na je, nafuu inayotafutwa ni ipi? Fremu nzuri ya kaboni ya baiskeli hizo za milimani huwa na uzito wa kilo 1.1 hadi 1.3. Ya alumini ni kilo 1.6 hadi 1.9. Tofauti ni kama chupa moja ya maji ya nusu lita, ile ile ambayo mpandaji ataibeba na kuinywa kabla hajafika Kolwezi. Kwa anayeshindania sekunde, chupa hiyo ni kitu. Kwa mwenye dola 400 za kujenga baiskeli yake ya kwanza, pesa hizo zingemnunulia kwanza rimu imara, tairi pana na breki za diski zinazoshika kwenye matope. Hivyo ndivyo vitu anavyovihisi kila mzunguko wa pedeli.

Kaboni yenyewe ni nyuzi zilizolazwa ndani ya gundi ngumu. Nyuzi zina nguvu ya ajabu kuelekea upande zilikolazwa, na kwa hilo fremu huweza kuwa nyepesi, ngumu na bado ikapunguza mtetemo. Lakini jiwe lililorushwa na lori likaipiga kwa ubavu, au nati ya kiti iliyokazwa kwa hasira, vinaweza kupasua matabaka ya ndani huku rangi ya nje ikibaki inang'aa. Viwanda vingi hutaka nati hiyo isipite nyutoni-mita 5 hivi, kipimo kinachohitaji spana maalumu. Fundi wa barabarani hupima kwa kiganja, na kiganja chake kimezoea chuma.

Halafu kuna udongo. Masika ya Lualaba hugeuza vumbi jekundu kuwa uji wenye changarawe, unaonata kwenye tairi na kusugua mabomba ya nyuma kama msasa. Chuma kitapoteza rangi. Kaboni itapoteza nyuzi. Ndiyo maana anayenunua fremu ya kaboni kwa njia za huku aulize kwanza nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu, hata kabla ya kuuliza uzito. Fremu inayomeza tairi ya inchi 2.4 kwa tabu haifai, hata ikiwa nyepesi kama unyoya.

Hapo ndipo mchomeleaji anapoingia. Fremu ya chuma ikikatika Kapata, mtu mwenye mtungi wa gesi na kijiti cha brasi anaweza kuirudisha barabarani siku hiyo hiyo. Brasi ni mchanganyiko wa shaba na zinki, metali mbili ambazo viwanda vya Kolwezi vyenyewe vimewahi kuzitoa. Haki isemwe pia: alumini haina msamaha huo, maana ikichomelewa hulegea na huhitaji kupashwa moto upya kwa utaratibu wa kiwandani. Kaboni, kinyume na uvumi, hutengenezeka, tena vizuri. Ila inataka vitambaa vya nyuzi, gundi yake na mkono uliofundishwa, na mkono huo hauko pembeni mwa soko.

Walioifikiria Afrika kwa makini waliligundua hili mapema. Tom Ritchey wa California, mmoja wa mafundi waliozizaa baiskeli za milimani, alipofika Rwanda mwaka 2005 hakurudi na wazo la fremu nyepesi. Alibuni baiskeli ndefu ya kubebea kahawa. Ng'ambo ya mpaka wa Kongo, nchini Zambia, shirika la World Bicycle Relief limesambaza baiskeli ya chuma iitwayo Buffalo, yenye kilo zipatazo 23, iliyoundwa kubeba kilo 100 kwenye keria. Haina urembo. Vipuri vyake vinapatikana, na hilo limeifikisha mbali kuliko urembo.

Kwa hiyo kijana wa Kapata aachane na kaboni? Anayetaka usafiri na mazoezi, ndiyo: alumini nzuri ya mtumba kutoka Ulaya au chuma chepesi cha kromu na molibdeni vitamtosha, na chenji itabaki. Anayeshindana kweli, ambaye tayari ana magurudumu mazuri, anunue, lakini kwa ubishi. Achague fremu ambayo beringi za ekseli ya pedeli hufungwa kwa nyuzi za skrubu, si za kushindiliwa, kwa sababu zile za skrubu hutolewa kwa zana za kawaida na hazianzi kulia mapema vumbi likiingia. Bomba la kiti liwe la kipimo kinachopatikana, kama milimita 27.2 au 31.6. Na kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia gia ya nyuma, kilichokusudiwa kipinde ili fremu ipone, aagize vitatu pamoja na fremu. Fremu nyingi huwa na umbo lake lenyewe la kipande hicho, na kukisubiri kimoja kivuke bahari, kishuke Dar es Salaam, kipite Tunduma, kivuke Zambia na kuingilia Kasumbalesa, huku malori ya shaba yakipishana nacho kuelekea bandarini, ni msimu mzima wa kiangazi umepotea.

Fremu ikifika, aigonge bomba kwa bomba. Mlio mkavu na mkali ni wa matabaka yaliyoshikana. Ukizama ghafla mahali pamoja, hapo pana jambo. Wazungu hufundishwa kuigonga kwa sarafu. Kongo hutumia noti, hata za faranga ndogo kabisa, kwa hiyo atumie ufunguo wa kukazia spoki.