Chungu cha Sindo na Adabu Yake

Msomaji wetu asishtuke akiona ukurasa huu leo unataja kileo. Hatukuja kukisifu. Kwetu ni haramu, na Sura al-Baqara, aya ya 219, imekwisha tufahamisha kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Lakini mwenye kukataza jambo hana budi kulijua, na mwenye jirani hana budi kuijua desturi ya jirani.

Tuutazame mji wa Sindo, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, katika Kaunti ya Homa Bay. Huko kwa Wasuba na Wajaluo kileo cha kale ni cha nafaka. Wanawake hukanda unga, wakauacha uchachuke, wakaukaanga, kisha wakautia maji na kimea cha wimbi. Ikiisha kuiva huwa busaa. Wazee walikizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, ambao kwa Kijaluo huitwa oseke. Chungu hicho kilikuwa na wenyewe, kilikuwa na siku zake, na mtoto hakupewa mrija.

Chang'aa ni jambo jingine. Hiyo hupikwa motoni, mvuke wake ukapozwa ukawa maji makali, ikauzwa kwa kikombe kwa yeyote mwenye senti. Serikali iliipiga marufuku miaka mingi. Haikukoma, ilijificha tu. Mwaka 2010 sheria mpya ya vileo ilifuta marufuku hayo, ikataka leseni na chupa yenye kibandiko, ikakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, mwaka 2014 na tena 2024 Wakenya walikufa kwa vileo vilivyotiwa sumu.

Sasa twende mbali kidogo. Bulgaria ilitawaliwa na Waturuki wa Uthmaniya, Waislamu kama sisi, tangu 1396 mpaka 1878. Raia wake Wakristo waliendelea na mizabibu yao. Mpaka leo kila Februari huipogoa kwa sikukuu, na zabibu ya Dimyat, ya upande wa Bahari Nyeusi, bado hukamuliwa, maji yake yakatengwa na maganda, yakachachuka kuwa mvinyo mweupe. Lakini mwaka 1985 Moscow ilitangaza vita juu ya ulevi. Mashamba ya mizabibu yalikatwa katika nchi ya Kisovieti, na Bulgaria ikapoteza soko lake kubwa. Je, Warusi waliacha kunywa? La hasha! Walipika gongo majumbani mwao.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Askari huvunja chungu kwa dakika moja, lakini hawezi kumpa kijana adabu aliyokuwa akipewa na wazee wake. Palipoondoka mrija wa mzee, kikombe cha chang'aa kimekaa mahali pake, na kikombe hakiulizi umri.

Sisi wa pwani tusijione mbali. Jirani zetu Wamijikenda wana mnazi wao katika arusi na matanga. Nasi tumekula vitumbua vilivyoumuliwa kwa tembo, na tumetia siki ya tembo katika kachumbari. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wamefundisha kwamba kileo kikigeuka siki chenyewe, bila ya kutiwa kitu, siki hiyo ni halali. Basi hata fiqhi yetu ilikitazama kibuyu kwa makini kabla ya kutoa hukumu.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wa Sindo, na wa Kilifi na Kwale pia, wakae na wazee waliobakia waandike: nani aliitwa, nani alikatazwa, na kwa nini. Muislamu hatakunywa kwa kusoma hayo. Lakini kijana wa Sindo anayezikwa kwa kikombe cha sumu ni mwana wa mtu, na mipaka ya wazee wake ni dawa ambayo hatujaitumia.