Ghorofa zimesingiziwa

Ukitaka kuona kikao cha wakazi kikichafuka jijini Nairobi, mwache mtu aseme kwamba jengo la ghorofa kumi linakuja mtaani. Kabla hajamaliza, jibu liko tayari: magari yatajaa, barabara itaziba, mtaa umekwisha. Wenye nyumba husema hivyo, madiwani huwaunga mkono, na hata mpangaji anayepanda matatu kila siku huitikia kana kwamba ni yeye atakayekosa pa kuegesha.

Imani hiyo ni potofu, na inadhuru zaidi kando ya reli.

Tazama stesheni ya Syokimau. Rais Mwai Kibaki aliifungua Novemba 2012 ili wakazi wa upande huo wafike mjini bila kukwama Mombasa Road. Mwaka 2017 ikaja reli ya SGR, na kituo chake cha Nairobi kikajengwa jirani. Reli mbili mahali pamoja! Lakini abiria akishuka jioni anakuta uwanja wa kuegesha magari, barabara kuu na bodaboda wanaogombania wateja. Nyumba zenyewe ziko mbali, nyingi za familia moja moja, nyuma ya kuta na mageti kuelekea Katani. Kwenda stesheni kwa miguu ni kula vumbi, au kukanyaga tope mvua ikinyesha. Kwa hiyo mwenye gari huendesha, na akishawasha injini huona afadhali aendelee nayo hadi mjini. Tangu 2022 amerahisishiwa zaidi: Expressway ya kilomita 27 inapita hapo hapo. Msongamano huu haukuletwa na ghorofa. Umeletwa na ardhi ya mlangoni mwa treni kupewa magari, huku watu wakisukumwa mbali.

Linganisha na Pipeline, Embakasi. Majumba yamebanana hadi yakazibiana jua, na ngazi nyingine zina giza mchana kutwa. Ni makazi mabaya, hakuna anayepaswa kuyasifu. Hata hivyo, kinachofurika pale alfajiri ni watu, wengi wakienda Industrial Area kwa miguu. Mtu atasema hao hawana pesa za gari. Naam, na hiyo ndiyo hoja: gari hufuata kipato na mahali pa kuliweka, halifuati idadi ya ngazi.

Ushahidi mwingine uko Kilimani na Kileleshwa. Huko ghorofa zimepanda mahali pasipo na stesheni hata moja, na jengo baada ya jengo limechimbiwa maegesho chini yake. Mnunuzi anauziwa sebule, vyumba viwili na nafasi ya gari kwa mkupuo mmoja, kisha watu wanashangaa Argwings Kodhek Road inapoganda. Nairobi imefanya mambo kinyumenyume: ghorofa pasipo na reli, reli pasipo na ghorofa.

Wengine walifikiri mapema. Reli ya Metro ya Washington ilipokuwa ikipangwa, pendekezo la awali kwa Arlington, jimboni Virginia, lilikuwa kuipitisha katikati ya barabara kuu ya magari. Kaunti ilikataa, ikashinikiza ipite chini ya Wilson Boulevard, mtaa wa maduka uliokuwa umeanza kuchakaa. Kisha ikabadili kanuni za ardhi. Majengo marefu zaidi yaliruhusiwa kuzunguka stesheni tano, kutoka Rosslyn hadi Ballston, yakipungua kimo kadiri mtu anavyoziacha, hadi kwenye nyumba za kawaida ambazo hazikuguswa. Treni zilifika Ballston mwaka 1979. Maelfu ya nyumba na ofisi zimejengwa tangu hapo, lakini kwenye Wilson Boulevard magari hayakuongezeka kwa kiasi hicho. Kaunti ilipoyahesabu baadaye, yalionekana kupungua.

Wapinzani wa ghorofa wana hoja moja nzito, nayo ni maji. Upande wa Mavoko, iliko Syokimau, wakazi wengi hutegemea visima na maboza, na maji taka huishia kwenye mashimo yanayonyonywa na malori. Lakini bomba moja linalohudumia familia mia karibu na stesheni ni rahisi kulaza kuliko kulifukuza bomba hilo hilo hadi kwenye mageti mia yaliyotawanyika.

Ugumu halisi uko ofisini. Stesheni ya Syokimau imo Kaunti ya Machakos, treni ni ya Shirika la Reli la Kenya, na abiria anakwenda Nairobi. Mamlaka ya NaMATA iliundwa 2017 ili kuratibu uchukuzi wa kaunti hizi na jirani zao, lakini mpango wa matumizi ya ardhi uko mikononi mwa kaunti. Machakos inaweza kuruhusu ghorofa na maduka ndani ya mita 800 kutoka stesheni, ijenge njia za miguu zenye taa, na iache kumlazimisha mjenzi kutenga maegesho. California ilifuta masharti ya maegesho karibu na vituo vikubwa vya usafiri kwa sheria ya 2022.

Mtihani mkubwa zaidi unakuja katikati ya Nairobi, kwenye ekari 425 za mradi wa Railway City kuzunguka stesheni kuu. Michoro ikiletwa kwa wananchi watoe maoni, wengi watahesabu ghorofa. Afadhali wangehesabu kwanza nafasi za magari.