Arudi, lakini alipe kwanza

Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa Moshi tangu mwaka 2003, huwapandisha wanariadha kutoka mjini kuelekea Mweka. Kadiri mlima unavyopandwa, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi na figo huzalisha zaidi EPO, homoni inayoongeza chembechembe nyekundu za damu. Anayefanya mazoezi huko juu huipata bure, kwa wiki kadhaa za jasho. Mdanganyifu huinunua na kujidunga sindano.

Mkimbiaji Mkenya Rita Jeptoo alikutwa na EPO mwaka 2014. Alifungiwa miaka 2; mwaka 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaifanya kuwa 4 na kumvua ushindi wa mbio za Boston Marathon za 2014. Taji likaenda kwa Buzunesh Deba wa Ethiopia, ambaye aliisubiri zawadi yake ya fedha kwa miaka mingi.

Mjadala wa kumpa mdanganyifu nafasi nyingine uanzie kwa aliyedhulumiwa. Kanuni za dunia dhidi ya dawa zilizokatazwa michezoni tayari zinaruhusu kurudi: kosa la makusudi ni miaka 4, adhabu hupungua kwa anayekiri mapema au kuwafichua wahusika, na huongezeka kwa anayerudia. Utaratibu huo ni wa haki, kwani kumfungia mwanariadha maisha kwa kosa la kwanza humwacha aliyempa dawa akitafuta mwingine. Anayerejea, basi, arudishe kwanza zawadi, kisha apimwe mara nyingi kuliko wenzake. Asiyetaka sharti hilo abaki mtazamaji kando ya barabara ya Mweka.